Baada ya talaka Marekani: mseja, mkuu wa kaya au bado wanandoa? Ritani na Fomu W-4 zikilinganishwa

Talaka ikishatoka mahakamani, kuna fomu mbili za kodi ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ritani, yaani Fomu 1040, unayoijaza mwanzoni mwa mwaka unaofuata na kutaja hadhi yako: mseja, mkuu wa kaya, au bado mwanandoa. Ya pili ni Fomu W-4. Hiyo iko kwa mwajiri, na ndiyo inayoamua kila cheki yako ikatwe kodi kiasi gani. Ritani ndiyo hesabu yenyewe. W-4 ni makadirio tu. Zikipishana, hakuna mtu kazini atakayekushtua. Utajua Aprili, ama IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikikudai, ama ikikurudishia pesa zako mwenyewe ulizokuwa unazihitaji mwezi wa kumi kulipia pango.

Takwimu zote hapa ni za kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho kwa mwaka wa kodi 2026, yaani ritani itakayojazwa mwanzoni mwa 2027. Makato ya Social Security (asilimia 6.2) na Medicare (asilimia 1.45) hayabadiliki kwa talaka, kwa hiyo hayamo kwenye ulinganisho huu.

31 Desemba

IRS haiulizi mlikosana lini wala nani alihama nyumba. Inauliza kama siku ya mwisho ya mwaka mlikuwa bado mme na mke kisheria. Hukumu ya talaka ikitoka 30 Desemba, wewe si mwanandoa kwa mwaka mzima, hata kama mliishi pamoja miezi kumi na moja. Ikitoka 3 Januari, mwaka uliopita wote unahesabiwa kuwa mlikuwa kwenye ndoa. Hukumu ya mahakama ya kutengana kisheria ina nguvu ile ile ya talaka. Kutengana kwa kila mtu kupanga kwake, bila hukumu, hakuna nguvu hiyo.

Katika jamii zetu kosa kubwa huanzia hapa. Ndoa iliyosajiliwa katika jimbo la Marekani huvunjwa na mahakama. Talaka iliyotamkwa na kuandikwa mbele ya imamu na mashahidi inatosha kwa dini, lakini kwa IRS wawili hao ni wanandoa mpaka hakimu atoe hukumu. Mwanamke aliyemaliza eda akajaza ritani kama mseja bila hukumu hiyo amejaza hadhi isiyo yake, na kinachofuata ni barua ya kudaiwa tofauti, riba na faini. Talaka iliyotolewa na mahakama ya Tanzania, Kenya au Congo hupimwa kwa sheria ya jimbo unakoishi. Mwonyeshe wakili wa jimbo hilo hukumu pamoja na tafsiri yake iliyothibitishwa kabla ya kujaza chochote.

Kubatilishwa kwa ndoa ni jambo jingine kabisa. Mahakama ikisema ndoa haikuwa halali tangu mwanzo, unatakiwa kurekebisha kwa Fomu 1040-X hata ritani za miaka ya nyuma ambazo muda wake wa marekebisho haujapita.

Mseja au mkuu wa kaya: pesa ni kiasi gani?

Chukua mfanyakazi anayelipwa dola 52,000 kwa mwaka, cheki kila wiki mbili, cheki 26. Hana kazi nyingine, na kwenye W-4 hajaandika mtoto yeyote. Hivi ndivyo alama aliyoweka kwenye Hatua ya 1(c) inavyobadilisha makato:

| Alama kwenye W-4 | Kiasi kisichotozwa kodi | Makato kwa mwaka | Makato kwa cheki |
|---|---|---|---|
| Mseja, au mwanandoa anayejaza kivyake | 16,100 | 4,060 | 156.15 |
| Mkuu wa kaya | 24,150 | 2,988 | 114.92 |
| Wanandoa, ritani ya pamoja | 32,200 | 1,980 | 76.15 |

Tofauti ya mseja na mkuu wa kaya ni dola 1,072 kwa mwaka. Inatoka sehemu mbili. Mkuu wa kaya ana kiasi kikubwa zaidi kisichotozwa kodi, na ngazi zake ni pana zaidi: asilimia 10 inafika dola 17,700 badala ya 12,400, na asilimia 12 inafika 67,450 badala ya 50,400. Pengo hilo linabaki hivyo mpaka mshahara ufike dola 66,500; kutoka hapo, kadiri mshahara unavyopanda kuelekea dola 80,000 ndivyo linavyozidi.

Mstari wa tatu ndio unaoumiza watu. Aliyeacha W-4 yake ya zamani ya ritani ya pamoja, huku kwenye ritani atakuwa mseja, anakatwa pungufu kwa dola 80 kila cheki. Kwa mwaka ni dola 2,080. Cheki inaonekana nono wakati ndio kwanza anaanza maisha peke yake, na deni linajengeka kimya kimya.

Ni nani basi mwenye haki ya kuitwa mkuu wa kaya? Masharti ni matatu, na yote lazima yatimie: usiwe mwanandoa siku ya 31 Desemba (au uhesabiwe si mwanandoa, tutaliona hapo chini), uwe umelipa zaidi ya nusu ya gharama za kuendesha nyumba kwa mwaka, na mtu anayestahili, kwa kawaida mtoto wako, awe ameishi nawe humo zaidi ya nusu ya mwaka.

Sharti la gharama ndilo linalowaangusha wengi. Zinazohesabiwa ni pango au riba ya mkopo wa nyumba, kodi ya jengo, bima ya nyumba, matengenezo, umeme, maji, gesi na chakula kinacholiwa nyumbani. Nguo, ada ya shule, matibabu, likizo, bima ya maisha na nauli hazimo. Msaada wa serikali kama TANF unaingia kwenye jumla ya gharama, lakini hauhesabiwi kuwa ni wewe uliyeulipa. Aliyehamia kwa kaka yake au kwa dada yake baada ya talaka, na mwenyeji ndiye anayelipa pango na sehemu kubwa ya chakula, si mkuu wa kaya mwaka huo hata kama watoto wanalala naye chumba kimoja. Atajaza kama mseja. Mtoto bado anaweza kumpa nafuu ya mtoto (Child Tax Credit) na ile ya EITC, nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, kwa sababu nafuu hizo hazina sharti la nani analipa pango.

Mzazi wako anaweza kukupa hadhi ya mkuu wa kaya hata kama haishi nawe, mradi ni mtegemezi wako kisheria na unalipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba yake kwa mwaka mzima. Lakini mtegemezi lazima awe raia wa Marekani, au mkaazi wa Marekani, Canada au Mexico. Pesa unazomtumia mama Tanga au Mombasa kila mwezi ni wajibu na ni heshima, ila kwenye ritani hazikupi kitu kama mama si raia wa Marekani. Mtoto asiye raia aliyebaki Arusha kwa bibi, ambaye hajaishi nawe mwaka huo, hali yake ni hiyo hiyo hata kama ada yote unalipa wewe.

Kesi haijaisha Desemba: ritani moja au mbili?

Hapa kuna uchaguzi wa kweli, na kuna imani iliyoenea kwamba ritani ya pamoja daima ni nafuu. Tuipime. Mume analipwa dola 70,000, mke 30,000, watoto wawili chini ya miaka 17 wanaishi na mke, na jimbo lao si kati ya yale tisa ya mali ya pamoja tutakayoyataja hapo chini.

Wakijaza pamoja, kodi ni dola 7,640. Wakitoa nafuu ya watoto wawili, dola 2,200 kila mmoja, inabaki 3,240.

Wakijaza kila mtu kivyake kama wanandoa, kodi ya mume ni 6,570 na ya mke ni 1,420, jumla 7,990. Kwa viwango pekee, wametofautiana na ritani ya pamoja kwa dola 350 tu. Hasara kubwa ya kujaza kivyake iko kwingine: hakuna nafuu za masomo ya chuo, hakuna punguzo la riba ya mkopo wa wanafunzi, nafuu ya gharama za kulea mtoto kwa kawaida haipatikani, na mmoja akiorodhesha moja moja gharama zinazopunguza kipato kinachotozwa kodi, mwenzake hana tena kile kiasi cha dola 16,100 na analazimika kuorodhesha naye.

Njia ya tatu ndiyo ambayo wengi hawaijui. Mtu aliye bado kwenye ndoa huhesabiwa si mwanandoa kikodi iwapo mwenzi wake hakuishi nyumbani humo miezi sita ya mwisho ya mwaka, yaani kuanzia 1 Julai hadi 31 Desemba bila kurudi. Iwapo amelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Iwapo mtoto wake ameishi humo zaidi ya nusu ya mwaka na anaweza kumdai kama mtegemezi. Na iwapo anajaza ritani yake mwenyewe. Huyo anajaza kama mkuu wa kaya. Kwa mke wetu wa dola 30,000, kodi inashuka hadi 585, nayo inafutwa yote na nafuu ya watoto, kisha anarudishiwa hadi 3,400 (sehemu inayorejeshwa ina ukomo wa dola 1,700 kwa mtoto). Juu yake inakuja EITC, ambayo kwa watoto wawili na kipato hicho ni zaidi ya dola 5,000. Kwenye ritani ya pamoja ya dola 100,000 EITC ilikuwa sifuri. Mume anabaki na 6,570 zake, lakini ukiwaweka pamoja, familia imeokoa zaidi ya dola 5,000 kwa kutokujaza pamoja.

Kwa hiyo kama mume alihama kabla ya Julai na hajarudi, piga hesabu ya njia hii kwanza. Kama alirudi Septemba kwa wiki tatu mkijaribu kusuluhishwa na wazee, njia imefungwa kwa hadhi ya mkuu wa kaya, na ni afadhali kulikubali hilo kuliko kulificha. IRS ikihoji, huomba mkataba wa nyumba, leseni, anuani za benki na barua ya shule.

Kuna jambo jingine mbali na hesabu, nasi tunalipa uzito kuliko dola 350. Kwenye ritani ya pamoja kila mmoja anawajibika kwa deni lote, pamoja na kodi ya mapato ambayo mwenzake aliyaficha. Mume anayeendesha lori kwa mkataba, asiyekatwa kodi na asiyeweka vitabu sawa, anaweza kumwachia mke deni ambalo hukumu ya talaka haimzuii IRS kumdai. Hata hakimu akiandika kwamba deni ni la mume, IRS haikuwa upande katika kesi hiyo. Zipo njia za kujinusuru, Fomu 8857 kwa asiyejua kosa la mwenzake na Fomu 8379 kwa aliyekatiwa marejesho kwa deni la mwenzake, lakini ni safari ndefu. Kama huna hakika na mapato ya mwenzio, jaza kivyako. Mlango haufungwi: mnaweza kubadili kutoka ritani mbili kwenda ya pamoja ndani ya miaka mitatu. Kutoka ya pamoja kwenda mbili haiwezekani tena baada ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha.

Majimbo tisa yana hesabu yake: Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin. Huko mapato ya kila mmoja wakati wa ndoa ni ya wote wawili, na anayejaza kivyake hutakiwa kuripoti nusu ya jumla kupitia Fomu 8958, isipokuwa kwa hali chache kama waliotengana mwaka mzima. Anayeishi Houston, Dallas au Seattle asichukue mfano wetu wa hapo juu kama ulivyo.

Na kwa mwenye mwenzi aliyebaki nyumbani Afrika Mashariki ambaye si mkaazi wa Marekani kikodi: unaweza kuhesabiwa si mwanandoa kwa ajili ya hadhi ya mkuu wa kaya, mradi una mtoto au mtegemezi mwingine anayestahili na hujachagua mwenzi huyo ahesabiwe mkaazi. Mwenzi peke yake hakupi hadhi hiyo.

Nani amdai mtoto?

Mahakama nyingi huandika kwamba baba atamdai mtoto miaka ya shufwa na mama miaka ya witiri. IRS haifuati maneno hayo. Kwake mzazi anayekaa na mtoto ni yule ambaye mtoto amelala kwake usiku mwingi zaidi katika mwaka. Zikilingana, ni yule mwenye kipato kikubwa zaidi. Kwa talaka zilizotolewa baada ya 2008, nakala ya hukumu haiwezi kuchukua nafasi ya Fomu 8332 iliyotiwa sahihi na mzazi anayekaa na mtoto. Baba asipoiambatanisha, nafuu inakataliwa.

Wazazi wengi huogopa kuisaini wakidhani wanatoa kila kitu. Ukweli uko hivi: Fomu 8332 inahamisha nafuu ya mtoto (au ile ya dola 500 ya wategemezi wengine) peke yake. Hadhi ya mkuu wa kaya, EITC na nafuu ya gharama za kulea zinabaki kwa anayeishi na mtoto, na hazihamishiki hata wote wawili wakitaka.

Rudi kwa yule mama wa dola 30,000, sasa ameshaachika. Akidai watoto wote wawili, nafuu ya mtoto inamfaa kwa dola 3,985, siyo 4,400, kwa sababu kodi yake ni ndogo na sehemu inayorejeshwa ina ukomo. Akimwachia baba mtoto mmoja, yeye anapata 2,200 kamili kwa yule aliyebaki, amepoteza 1,785. Baba wa dola 70,000 anapata 2,200 kamili. Kuna dola 415 ambazo hakuna aliyekuwa anazipata. Baba akimpa mama dola 2,000 na mama akasaini, wote wawili wamefaidika. Ni makubaliano mazuri kuyaingiza kwenye mazungumzo kabla hukumu haijaandikwa.

Ukisaini, saini mwaka mmoja mmoja, Sehemu ya I ya fomu. Sehemu ya II, inayoachia miaka ijayo, ni ya hatari. Ukijuta, unaifuta kwa Sehemu ya III, lakini ufutaji unaanza kufanya kazi mwaka unaofuata ule uliomjulisha mwenzio.

Hesabu za usiku ziandikwe kwenye kalenda tangu Januari. Zaidi ya nusu ya mwaka ni usiku 183 na kuendelea. Rekodi za shule na za kliniki zenye anuani yako ndizo IRS inazoziamini. Barua ya jirani au shangazi husaidia kidogo tu.

Mtalaka wako akiwahi kuwasilisha ritani na namba ya mtoto, yako itakataliwa kwenye mtandao. Omba namba ya siri ya IRS iitwayo IP PIN. Ukiiweka, ritani itapokelewa hata kama mtoto ameshadaiwa. Baadaye wote wawili mtaletewa barua CP87A inayomtaka asiye na haki arekebishe. Usinyamaze na usimwachie kwa kuchoka. Aliyedai EITC kwa kutojali kanuni anaweza kufungiwa miaka miwili. Kwa udanganyifu, kumi.

W-4 ijazwe vipi?

Kama W-4 yako ina alama ya ritani ya pamoja, sheria inakutaka umpe mwajiri wako W-4 mpya ndani ya siku 10 baada ya talaka. Kampuni nyingi zina tovuti ya mishahara ambapo unajibadilishia mwenyewe. Kwa karatasi, mwajiri ana takribani siku 30 kuanza kuitumia. Haiulizwi cheti cha talaka wala sababu.

Sasa uchaguzi. Yule mfanyakazi wa dola 52,000 ana watoto wawili chini ya miaka 17, na anaamini atakuwa mkuu wa kaya. Ana njia tatu (EITC haijahesabiwa humo).

Njia ya kwanza ni kuweka alama ya mseja na kuacha Hatua ya 3, ya watoto, tupu. Anakatwa 156.15 kila cheki. Mambo yakienda alivyotarajia, anarudishiwa dola 5,472. Yakienda vibaya, usiku wa watoto ukawa mwingi kwa mtalaka wake na yeye akawa mseja bila mtoto, anadaiwa sifuri.

Njia ya pili ni alama ya mkuu wa kaya, Hatua ya 3 tupu. Makato 114.92. Mambo yakienda sawa anarudishiwa 4,400. Yakienda vibaya anadaiwa 1,072.

Njia ya tatu ni alama ya mkuu wa kaya na dola 4,400 kwenye Hatua ya 3. Makato ya kodi ya shirikisho ni sifuri, cheki nzima iko mkononi. Mambo yakienda sawa anarudishiwa 1,412. Yakienda vibaya anadaiwa 4,060 kwa mkupuo, na huenda na faini ya kulipa pungufu juu yake.

Ushauri wetu: mwaka ambao kesi ya malezi bado iko mahakamani, au mwenzio hatabiriki, chukua ya kwanza kama bajeti inaruhusu, la sivyo ya pili. Njia ya tatu ni halali na ni ya haki kwa mwenye hukumu mkononi na watoto wanaolala kwake siku za shule zote; hakuna sababu mama anayehangaika na pango aikopeshe serikali dola mia tatu kwa mwezi bila riba. Mfumo wa mwajiri hauna habari kwamba mtalaka wako naye ameandika watoto hao hao kwenye W-4 yake. Hilo hutokea sana: wazazi wote wawili wanakatwa kidogo mwaka mzima, na mmoja anakuja kulia Aprili. Kubalianeni kwa maandishi nani ataandika watoto wangapi kwenye Hatua ya 3. Mzazi asiyekaa na mtoto aandike tu yule aliyeahidiwa kwa Fomu 8332 ya mwaka huo.

Talaka ikitoka katikati ya mwaka, kuna pengo la kuziba. Tuseme cheki 16 zimeshapita kwa makato ya 76.15, na utakuwa mseja. Umepungukiwa mara 16 kwa dola 80, yaani 1,280. Zimebaki cheki 10. Weka alama ya mseja, na kwenye Hatua ya 4(c) andika 128 kama makato ya ziada. Januari peleka W-4 nyingine bila hiyo 128, maana mwajiri ataendelea kuikata mpaka umwambie asiikate.

Kuandika kwamba huna kodi kabisa ni kwa yule tu ambaye mwaka jana hakuwa na deni la kodi na mwaka huu hatarajii kuwa nalo. Siyo njia ya kupata nafuu ya muda baada ya talaka.

Kazi mbili

Baada ya talaka wengi huongeza kazi: mchana nyumba ya wazee, usiku ghala. Hatua ya 2 ya W-4 ndipo panapoharibika. Kila mwajiri anadhani yeye ndiye wa pekee, na anakupa dola 16,100 zisizotozwa kodi, wakati una haki nazo mara moja tu.

Mseja mwenye kazi ya dola 36,000 na nyingine ya 24,000, Hatua ya 2 ikiwa tupu kote, anakatwa 2,140 na 790, jumla 2,930. Kodi yake ya kweli kwa dola 60,000 ni 5,020. Pengo ni 2,090. Akiweka alama kwenye kisanduku cha 2(c) katika W-4 zote mbili, makato yanakuwa 3,505 na 1,790, jumla 5,295. Amezidisha kidogo na atarudishiwa 275. Alama kwenye moja pekee haitoshi. Kisanduku hicho kinafaa pale mishahara miwili inapokaribiana. Ikiwa moja ni kubwa mno kuliko nyingine, tumia kikokotoo cha makato kwenye tovuti ya IRS na uandike jibu kwenye 4(c) ya kazi kubwa. Watoto waandikwe kwenye W-4 moja tu, ya kazi inayolipa zaidi.

Anayeendesha teksi za mtandaoni au lori kwa mkataba hana W-4 kwa kipato hicho. Ama alipe kwa awamu 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari, ama aongeze makato kwenye kazi yake ya mshahara. Faini haipo kama deni la mwisho liko chini ya dola 1,000, au kama ulishalipa asilimia 90 ya kodi ya mwaka huu au asilimia 100 ya ile ya mwaka jana (110 kwa kipato cha zaidi ya 150,000).

Mengine ya kukagua

Matunzo ya mtoto si kipato kwa anayepokea wala hayapunguzi kodi ya anayelipa. Matunzo ya mtalaka mwenyewe ni hivyo hivyo kwa talaka zilizotolewa baada ya 2018. Za kabla yake bado zina kanuni ya zamani, anayelipa anapunguza na anayepokea anatozwa.

Kodi ya jimbo ina fomu yake: Minnesota ni W-4MN, Ohio ni IT 4. Texas, Washington, Florida na Tennessee hazikati kodi ya mshahara.

Kama mlikuwa na bima ya afya ya soko la serikali kwa pamoja, Fomu 1095-A itakuja moja, na mnapaswa kugawana takwimu zake kwenye Fomu 8962. Kubalianeni asilimia kabla hamjaacha kuzungumza.

Aliyerudia jina la baba yake abadilishe kwanza Social Security kwa Fomu SS-5, ndipo ajaze ritani. Jina na namba zisipolingana, marejesho hukwama. Anuani ibadilishwe kwa Fomu 8822, na akaunti ya benki ikaguliwe kwenye kila ritani, kwa sababu programu nyingi hujaza zenyewe ile ya mwaka jana, ambayo huenda sasa ni ya mtalaka wako peke yake. Ofisi za VITA husaidia bure wenye kipato cha chini. Nenda na hukumu ya talaka, barua ya shule yenye anuani, mkataba wa pango na cheki ya mwisho ya kila kazi.